Matanga yakiisha uende wapi? Ulinganisho wa misaada kwa wafiwa wa Nairobi

Nairobi inajua kuzika. Mtu akifariki Jumapili, Jumatatu jioni kamati imeshakaa, mweka hazina amechaguliwa, grupu la WhatsApp limefunguliwa na namba ya mchango imebandikwa juu. Yupo anayeshughulikia mochari, yupo anayeandika tanzia, na mwingine anatafuta basi la kuwapeleka watu nyumbani Kisii, Murang'a au Siaya. Waislamu wa Pumwani na Eastleigh mara nyingi huwa wamemaliza hayo yote kabla jua halijatua. Kisha basi linarudi mjini. Grupu linapokea "asanteni kwa yote" siku mbili tatu, mmoja anatoka, wa pili anafuata, na mfiwa anabaki katika nyumba ya kupanga, viatu vya marehemu vikiwa bado mlangoni.

Ndiyo maana katika ulinganisho huu nimeweka kipimo kimoja mbele ya vingine: nani atakuwepo mwezi wa tatu? Bei, lugha, umbali na usiri vina uzito wake na nitavitaja. Ila msaada mwingi wa mji huu umepangwa kwa ajili ya wiki ya kwanza, na kwa watu wengi huzuni hukolea baada ya wageni kuondoka.

Ndugu na majirani, au jumuiya ya dini?

Ndugu wana kitu ambacho hakuna mtaalamu atakupa: walimjua marehemu. Wanaweza kukusimulia alivyokuwa mtoto, alivyomchokoza mwalimu, alivyokwepa kwenda shambani. Masimulizi hayo ni tiba, na hayalipiwi. Tatizo ni kwamba nao wamefiwa. Dada unayemtegemea amempoteza mama yuleyule, na siku unayotaka kulia huenda ndiyo siku yeye amepata nguvu za kunyamaza. Isitoshe, wengi wako mbali. Simu ya Jumapili kutoka Bungoma haiwezi kukaa nawe Jumatano saa nane za usiku.

Majirani wa ploti ni hodari kwa kazi za mikono: kukuchotea maji, kumpeleka mtoto shule, kukuletea ugali na sukuma bila kuuliza. Usiwadharau kwa hilo. Mfiwa anayekula na kulala ana nafuu kubwa kuliko mwenye ushauri mzuri na tumbo tupu. Kwenye kusikiliza ndiko wengi wanakoteleza. Atakuambia "jikaze", hasa ukiwa mwanamume, au "Mungu amempenda zaidi", kisha abadilishe mazungumzo kwa sababu machozi yako yanamtisha. Anakutakia mema. Tatizo ni kwamba hajui la kufanya.

Jumuiya ya dini, ikiwa imara, huwashinda wote hao kwa jambo moja: ina kalenda. Jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki hukutana nyumba kwa nyumba kila wiki, kwa hiyo hata miezi minne baadaye kuna watu watakaokaa sebuleni kwako na kumtaja marehemu kwa jina. Novemba nzima ni mwezi wa kuwaombea wafu, na baada ya mwaka kuna misa ya kumbukumbu. Waanglikana wana Mothers' Union na Wapresbiteri wana Woman's Guild, akina mama ambao kumtembelea mfiwa kwao ni wajibu. Upande wa Waislamu kuna hitima, yaani kisomo cha kumwombea marehemu, na, katika familia nyingi ingawa si zote, arobaini.

Na kuna eda, kipindi cha mjane kukaa nyumbani baada ya kufiwa na mume. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue kama ana mimba. Kwa mtazamaji wa nje inaonekana kama kifungo. Mimi naiona kwa jicho lingine: inampa mjane ruhusa iliyoandikwa ya kutofanya haraka, ruhusa ambayo mwajiri wa Industrial Area hatampa. Anayeishi kwa jasho la kila siku asidhani ni lazima achague kati ya eda na njaa. Wanazuoni wengi humruhusu kutoka mchana kwa haja kama riziki, na jambo hilo amwulize imamu anayemfahamu.

Hata hivyo jumuiya haziko sawa. Kanisa la maelfu lenye skrini kubwa na maegesho laweza kukupigia makofi Jumapili bila mtu hata mmoja kujua unaishi wapi. Kabla ya kulitegemea, uliza swali dogo tu: ni nani hapa hutembelea nyumba za wafiwa baada ya mwezi? Usipotajiwa mtu, tafuta kwingine. Tena kuna vifo ambavyo jumuiya nyingi hazijui kuvibeba: mtu aliyejiua, aliyekufa kwa dawa za kulevya, mimba iliyotoka ambayo hata haikutangazwa. Familia huficha sababu, mahubiri yanakwepa, na mfiwa anaomboleza uongo. Kama msiba wako ni wa aina hiyo, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya vikundi hapa chini.

Kasisi au mshauri nasaha?

Watu wengi hufikiri hili ni swali la imani. Mimi naona ni swali la kazi gani inatakiwa kufanywa. Ukiuliza "kwa nini Mungu alimchukua?" au "nifanyeje na hasira yangu kwa Mungu?", mshauri mwaminifu atakurudisha kwa kasisi, mchungaji au imamu. Ukisema umeacha kulala, unasikia moyo ukienda mbio kila ukipita barabara ilipotokea ajali, au unashindwa kuingia ofisini, hapo sala pekee ni mzigo mkubwa mno kumtwika mchungaji ambaye hajasomea hayo. Wapo waliosomea. Waulize, hawataona vibaya.

Usiri ndio tofauti kubwa ya pili. Mshauri amefungwa na maadili ya kazi yake asitoe habari zako, isipokuwa pale ambapo maisha yako au ya mwingine yako hatarini. Mchungaji mwema pia hutunza siri, lakini Nairobi tunaujua mtindo wa "tumwombee dada yetu anayepitia kipindi kigumu", na ibada ikiisha nusu ya kanisa inajua kipindi chenyewe ni kipi.

Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014 inayotaka wanaofanya kazi hiyo wasajiliwe. Pia kuna chama chao cha kitaifa kinachojulikana kama KCPA. Kwa hiyo una haki ya kuuliza: umesomea wapi, umesajiliwa na nani, umewahi kushughulika na wafiwa? Akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu. Mitandaoni wamejaa wanaojiita makocha wa maisha, na wengine ni wazungumzaji wazuri sana. Uzungumzaji ni kipaji kingine.

Ni wakati gani basi uache kungoja? Huzuni yenyewe si ugonjwa. Kusikia sauti ya marehemu jikoni, kunusa shati lake, kucheka na wenzako kwenye matatu mchana na kulia usiku, yote hayo ni ya kawaida. Watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza mwaka 1999 jinsi mfiwa anavyokwenda na kurudi kati ya kuomboleza na kujenga maisha upya, na kwamba kuyumba huko ndiko kunakosaidia. Wala usijipime kwa zile hatua tano za huzuni zinazotajwa kila mahali. Zilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wenyewe wanakaribia kufa, zikachapishwa mwaka 1969, kisha zikavalishwa wafiwa kana kwamba zilikatwa kwa kipimo chao.

Ila kuna huzuni inayogoma kusogea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022, linaitambua kama hali ya kutibiwa pale ambapo kumtamani marehemu na maumivu makali vinadumu zaidi ya miezi 6, kupita desturi ya jamii ya mfiwa, na kumzuia mtu kuishi. Wataalamu wa akili wa Marekani wameweka miezi 12 kwa mtu mzima. Ukiwa hapo, chagua mtaalamu, na jumuiya iendelee pembeni. Na kama unafikiria kufa, huli kabisa, au chupa ndiyo inayokulaza, usihesabu miezi. Nenda leo.

Jambo moja husahaulika: lugha. Nairobi tunafanya kazi kwa Kiingereza na Kiswahili, lakini wengi hulia kwa Dholuo, Kikamba au Gikuyu. Unapoomba miadi, ombeni mtu wa lugha yenu kama mnahisi mtamfungulia moyo zaidi. Kwa upande mwingine, wapo wanaopendelea mtu wa kabila lingine makusudi, ili wasije wakakutana na binamu yake kwenye harusi.

Mshauri wa kulipia, hospitali ya umma au shirika?

Mshauri binafsi wa Kilimani au Westlands atakupa miadi wiki hiyohiyo, chumba tulivu na saa nzima ya kwako. Atakutoza maelfu kadhaa kwa kikao kimoja, na huzuni si ya kikao kimoja. Piga hesabu ya vikao sita kabla hujaanza. Ukiona fedha zitaishia kwenye cha pili, afadhali uanze pa bei nafuu utakapoweza kudumu. Kama una bima ya kazini, soma vizuri: nyingine hulipia ushauri, nyingine zina kikomo kidogo, nyingine hudai barua ya daktari kwanza. Baadhi ya waajiri wakubwa wana mkataba na kampuni za ushauri kwa wafanyakazi wao, vikao kadhaa bila malipo, na wafanyakazi wengi hawajui. Uliza ofisi ya wafanyakazi, na uliza pia kama taarifa inamfikia bosi.

Tukiwa kazini: Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya mwaka, ya ugonjwa na ya uzazi, lakini haina likizo ya kufiwa. Siku unazopewa zinatokana na mkataba wako au huruma ya msimamizi. Ndiyo maana wengi huzimaliza kwenye safari ya mazishi na kurudi kazini wakiwa bado na vumbi la kaburi kwenye viatu. Ukiweza, bakiza siku mbili za likizo yako ya mwaka kwa ajili ya baadaye.

Hospitali za umma zina wataalamu waliosomea haswa, kwa gharama ndogo, na foleni. Hospitali ya Kenyatta ina idara ya afya ya akili. Mathari, kwenye barabara ya Thika, ndiyo hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, na jina lake linawatisha watu kuliko linavyostahili. Ilifunguliwa mwaka 1910 ikiwa nyumba ya kuwafungia waliohesabiwa wendawazimu, na mji haujaisamehe. Leo ina kliniki za wagonjwa wa nje ambako mtu huingia, huonwa na kurudi zake nyumbani. Kwa mfiwa wa kawaida Mathari si chaguo la kwanza. Kwa mfiwa aliyezama kwenye sonona au anayehitaji dawa, ni chaguo zuri kuliko kuhangaika na vikao vya kununua kimoja kimoja.

Mashirika ndiyo ninayoyapendekeza zaidi kwa mtu wa kipato cha kawaida. Amani Counselling Centre imekuwepo tangu mwaka 1979, na kwa kuwa pia inafundisha washauri, ni mahali pa kuulizia ada inayopungua kulingana na uwezo. Vyuo vikuu vinavyofundisha saikolojia navyo huwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaowaona watu chini ya msimamizi. Usimdharau mwanafunzi: ana muda, na nyuma yake yuko mwalimu anayeikagua kazi yake.

Kama marehemu alikuwa na saratani au ugonjwa mrefu, Nairobi Hospice, kituo cha kuwatunza wagonjwa wa aina hiyo kilichoko karibu na Hospitali ya Kenyatta tangu mwaka 1990, ina faida isiyo na mshindani. Kama ilimhudumia mgonjwa wenu, inamfahamu yeye na inawafahamu ninyi, na kazi yake haikomei siku mgonjwa anapofariki. Mtu aliyeuguza miaka miwili hufiwa na mtu, na hufiwa na kazi pia. Asubuhi inafika na hakuna wa kumpa dawa, mikono haijui iende wapi. Wahudumu wa hospisi hawahitaji kuelezwa hilo.

Kikundi au peke yako?

Kikao cha watu wawili hukupa nafasi ya kusema lile usiloweza kusema mbele ya mwingine: kwamba ulifarijika alipokufa, kwamba ulimchukia, kwamba mlikuwa hamjaongea mwaka mzima. Kikundi hukupa kitu tofauti, watu ambao huna haja ya kuwaeleza. Kwa vifo visivyotajwa hadharani, naamini kikundi hushinda.

Chukua wazazi waliopoteza ujauzito au mtoto mchanga. Huku kwetu mtoto wa aina hiyo mara nyingi huzikwa kimya, bila tanzia, bila kamati, na mama anaambiwa "utapata mwingine". Shirika la Still A Mum, lililoanzishwa na Wanjiru Kihusa baada ya yeye mwenyewe kupoteza watoto, huwakusanya wazazi hao na kuwapa ushauri. Mama aliyekaa nyumbani akidhani ni yeye tu anayehesabu miezi ya mtoto asiyekuwepo anakuta chumba kizima kinahesabu. Akina baba nao wakaribishwe. Wengi hufikishwa hapo na wake zao na kukaa karibu na mlango.

Kikundi kina hatari zake. Ukiingia wiki ya pili baada ya mazishi, hadithi za wengine zaweza kukuzamisha, kwa hiyo wengi hufanya vizuri wakingoja kidogo. Uliza kama kuna mshauri anayekiongoza, kama wanachama ni walewale kila wakati au yeyote huingia, na kama wote wamefiwa kwa namna inayofanana. Mjane wa miaka 30 na mzee aliyemzika mkewe baada ya miaka 50 wote wana uchungu, lakini hawataulizana maswali yaleyale. Na uwe macho na kikundi kinachogeuka kuwa chama cha kuuza bidhaa. Haichukui muda Nairobi.

Ana kwa ana au kwa simu?

Simu ina ubora mmoja usiopingika: ipo usiku. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba ya bure, 1199, ya msaada wa kisaikolojia. Befrienders Kenya husikiliza watu wenye mawazo ya kujiua, na pia waliofiwa na mtu aliyejiua. Kwa mtu wa Kayole asiye na nauli ya kuvuka mji, au mlinzi wa zamu ya usiku, simu ndiyo mlango wa kwanza. Udhaifu wake ni kwamba kila ukipiga huenda ukamkuta mtu mwingine, ukaanza hadithi upya. Itumie kuvuka usiku, kisha waulize wakuelekeze kwa mtu wa kukaa naye.

Wapo waliokuwa wakiogopa kupiga kwa kuhofia polisi, kwa kuwa kanuni ya adhabu ilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hofu hiyo isimzuie mtu.

Vikao vya video viko katikati. Ni nafuu, havina msongamano wa magari, lakini ukiishi chumba kimoja na watoto watatu utalilia wapi? Kama njia ni hiyo tu, panga na jirani awachukue watoto saa moja.

Pale ambapo mshauri hatoshi

Kuna wajane ambao huzuni yao imeshikwa mateka na mashemeji. Funguo zimechukuliwa, cheti cha ndoa kinatiliwa shaka, barua ya chifu ya kufungulia faili la mirathi haitoki. Kumwambia mtu huyo apumue polepole ni matusi. Anahitaji wakili kwanza. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa mwaka 1985, huwasaidia wanawake wasio na uwezo wa kulipa. Cheti cha kifo kitafutwe mapema, na nakala ziwekwe kwa mtu nje ya familia.

Watoto

Hapa silinganishi sana, kwa sababu chaguo la kwanza ni lilelile: mtu mzima anayempenda mtoto amwambie ukweli kwa maneno mepesi. "Baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi." Ukimwambia mtoto wa miaka minne kwamba baba amelala, usishangae akikataa kwenda kitandani. Ukimwambia amesafiri, atakaa mlangoni.

Mtoto huomboleza kwa vipande: analia dakika tano, anaomba chapati, anarudi kucheza. Wiki mbili baadaye anakojoa kitandani au anapigana shuleni. Mwalimu wa darasa aambiwe mapema, na shule nyingi zina mwalimu wa ushauri, ingawa mara nyingi amebebeshwa vipindi vya kutosha walimu wawili. Ikiwa mtoto haongei, au anasema anataka kwenda aliko mama, namba 116 ya Childline Kenya ni ya bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mshauri wa watu wazima asiye na mafunzo ya watoto si mbadala. Uliza kama ana vitu vya kuchezea na karatasi za kuchora ofisini, maana mtoto wa miaka sita hataketi kitini kueleza moyo wake kwa saa nzima.